Filimbi Itakayosikika Kiritiri

Kibirichia, Jumamosi, 10 Oktoba 1987

Daftari hili nililinunua la kuandikia mbegu na dawa ya viazi, lakini leo limepata kazi nyingine. Barua imekuja kutoka kwa kaka yangu Ndwiga, kule kwetu Kiritiri. Mutegi ameitoa posta ya mjini akaibeba mfukoni siku tatu mpaka imelainika kama kitambaa. Mume wangu ni karani Meru mjini, hurudi Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri, na kazi yake kubwa hapa nyumbani ni kusahau barua za watu.

Ndwiga anaandika: "Masikio ya baba yanafunga. Daktari amesema ni uzee, hakuna dawa. Kila jioni anauliza, Nelius atakuja lini na filimbi? Anataka kuisikia kabla hayajafunga kabisa. Njoo, dada, usikawie."

Nimeisoma mara nne. Kupanda kunaanza Jumatatu, mashamba mawili, na mikono ni yangu na ya mama mkwe tu. Nimejibu kwamba nitafika Krismasi. Nikaandika "naahidi" na kupiga mstari chini yake.

Jumapili, 11 Oktoba

Nimeitoa filimbi sandukuni. Ni ya bati, rangi ya kijani imebanduka pale vidole vinapokaa. Baba aliinunua Embu nilipofaulu darasa la saba. Yake mwenyewe alikuwa nayo zamani, ya kuitia mbuzi. Kwetu kila mchungaji ana wimbo wake wa kurudisha mbuzi jioni, na mbuzi wa jirani wakiusikia hata kichwa hawainui. Wimbo wa baba unapanda mbio halafu unashuka polepole, na hapo mwisho ndipo nilipogombezwa utoto wangu wote. "Unaharakisha, Nelius. Mbuzi wana miguu, hawana mabawa." Hajawahi kunisifu hata siku moja. Alisema atanisifu siku nitakayoacha kuharakisha.

Nimeupiga leo mlangoni, wote. Mama mkwe alikuwa akichambua mbegu hatua sita kutoka kwangu. Hakuinua kichwa. Hata "nyamaza" hakusema. Nilipoolewa hapa mwaka jana niliambiwa Kibirichia ni baridi, nikajiandaa kwa sweta mbili. Hakuna aliyenionya kuhusu huyu mama.

Jumanne, 13 Oktoba

Tumepanda. Mgongo si wangu tena.

Alhamisi, 15 Oktoba

Tumepanda. Asubuhi nilimkuta ameinama kwenye mtaro nikamsalimu kwa Kimeru, "Muga, mama." Kimya. Nikarudia. Kimya. Haya basi, nami nikafunga mdomo mpaka saa sita. Tumefukia viazi safu kumi na nne bila neno, kama watu waliogombana, na mimi sijui tumegombania nini.

Jumamosi, 24 Oktoba

Leo nataka kulia na nataka kupiga mtu, sijui nianze na lipi.

Nilitoka mtoni nikaingia jikoni, nikaona vibuyu vya maziwa vimetundikwa juu ya moto kama kawaida, vitatu, na katikati yao kitu chembamba cheusi kinachong'aa. Nilifikiri ni kijiti cha kusugulia. Ala! Ilikuwa filimbi yangu.

Mama ameisafisha kama kibuyu. Nasema kama kibuyu, hatua kwa hatua: amechoma kijiti cha mzeituni wa porini, akakiingiza kikiwa na moto, akasugua, akatia unga wa makaa, akatikisa, akapaka mafuta ya mbarika, akatundika ikauke kwa moshi. Kibuyu ukikifanyia hivyo maziwa yanakuwa na harufu tamu. Filimbi ukiifanyia hivyo kile kibao cha mdomoni kinapasuka na makaa yanajaa njia ya pumzi. Nimepuliza. Imetoa "fff" kama mzee aliyelala.

Na yeye amesimama pale anafurahi! "Ilikuwa imeziba," ananiambia. "Nimeisafisha."

Nikapiga kelele, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Mama, kwani hiki ni kibuyu? Nani alikuambia imeziba?" Alitazama mdomo wangu kwa muda mrefu. Furaha ikamtoka usoni. Akachukua jembe akaenda zake.

Mutegi alipofika nikamwonyesha. "Alitaka kukusaidia," akasema.

"Kunisaidia na nini? Filimbi haikuwa mgonjwa!"

Akasema atatafuta nyingine mjini. Sitaki nyingine. Nataka ile.

Jumamosi, 31 Oktoba

Nimesema sitaki nyingine? Nimekosea. Mutegi ameleta filimbi mpya, nyeupe, inang'aa kama kijiko cha wageni, fupi na nyembamba. Sauti yake ni kali na safi, haina mkwaruzo hata kidogo. Nilipoipuliza mbwa wa jirani alilia, kuku wakakimbia. Nimeipenda papo hapo. Nimecheka, nimemkumbatia mume wangu mbele ya watu, akaona haya.

Ile ya kijani nimeifunga kwa kitambaa nikairudisha sandukuni. Nilijisikia vibaya kidogo. Lakini nimeshachagua, hii nyeupe ndiyo itakwenda Kiritiri.

Jumapili, 8 Novemba

Mvua.

Jumanne, 10 Novemba

Mvua. Gambuti la kushoto limetoboka. Viazi vimeota vyote, safu zimenyooka vizuri sana, lazima niseme ukweli, ni jicho la mama.

Jumamosi, 14 Novemba

Jua lilitoka asubuhi tukaanika maharagwe kwenye mkeka. Mimi nikaenda bondeni kukata majani ya ng'ombe. Nikaona wingu linakuja kutoka mlimani, jeusi. Nikapiga kelele, "Mama! Maharagwe! Mvua!" Alikuwa amekaa mlangoni, mkeka uko mbele yake, anasuka kiondo. Nikaita mara tano. Jirani wa ng'ambo ya mto alisikia, akaanua nguo zake! Mama hakuinuka mpaka tone la kwanza lilipomwangukia mkononi. Debe zima limelowa.

Nilifika nikihema. "Mama, hukunisikia?"

"Nilisikia," akasema.

Alinisikia na akakaa tu. Basi. Siku hii nimeiweka alama.

Ijumaa, 20 Novemba

Nimempakulia githeri. Nikauliza kama chumvi inatosha. Akajibu, "Jumamosi." Nikabaki na mwiko mkononi. Sasa ananidhihaki waziwazi.

Jumapili, 29 Novemba

Nimemwambia Mutegi baada ya kanisa: mama yako hanitaki. Nimemwambia yote, salamu, maharagwe, chumvi. Alicheka ile ya Jumamosi, nikamkata jicho, akaacha.

"Mama ni mtu wa maneno machache," akasema. "Lakini mimi akiniongelesha tunaongea vizuri tu."

Ni kweli, wanaongea. Mutegi ananguruma kutoka upande ule wa ukuta na yeye anajibu. Ni mimi tu ninayeongea na jiwe.

Jumamosi, 5 Desemba

Majani yameanza madoa meusi, ule ugonjwa wa mvua nyingi. Siku tatu tunapuliza dawa. Bomba likijaa linavunja mabega, na kila nikitaka kulibeba mama ameshalivaa. Leo nililowa mpaka ndani, nikawa natetemeka jikoni. Alivua sweta yake kavu, ile ya zambarau ya kanisani, akanivisha kichwani kama mtoto mdogo, akanifunga vifungo. 

Sielewi. Mtu anayekuchukia hakufungi vifungo.

Jumanne, 8 Desemba

Dawa imeshika. Viazi vya nusu ya chini ya shamba vimepona vyote.

Jumamosi, 19 Desemba

Wimbo wa mbuzi sasa natoa wote kwa filimbi nyeupe bila kukosea. Hata mwisho nimeupunguza mwendo, nadhani. Baba atakosa la kusema. Nimechagua viazi vya kumpelekea, vile vyekundu. Mama aliongeza vingine ishirini kwenye gunia nilipogeuka. Nilimwona.

Kiritiri, Ijumaa, 25 Desemba

Naandika nimekaa nyuma ya boma la mbuzi, jua linachoma, na sijali.

Nilifika jana. Baba amekonda lakini amesimama wima, ana ile kofia yake. Alinishika mikono yote miwili. Nikamwambia, "Baba, nimekuletea viazi." Akanitazama mdomo. "Salama," akasema. "Na kwenu wote?" Ndwiga akainama karibu, akaongea kwa ile sauti yake nzito ya kifuani, "Amekuletea viazi, baba," na baba akasikia mara moja, akafurahi, akataka vichemshwe hapo hapo.

Leo baada ya kanisa wakamwekea kigoda hapa karibu na boma. Watu wa nyumbani wote wakakaa. Nikavua viatu kama zamani. Nikaweka filimbi nyeupe mdomoni, nikapiga wimbo wa mbuzi kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikaupiga kama sijawahi kuupiga. Pale mwisho nilishuka polepole, polepole, mpaka pumzi ikaisha. Mbuzi wawili walikuwa wamekuja kwenye fito wanachungulia. Baba alikuwa ananitazama vidole, anatabasamu, ametulia.

Nikashusha filimbi.

"Haya," baba akasema. "Piga basi."

 Nikadhani anatania. Nikamtazama machoni, hakuwa anatania, alikuwa anangoja. Nikasema, "Nimepiga, baba." Akamtazama Ndwiga, akanitazama mimi, akaona nyuso zetu. Akaelewa. Nikaona anavyoelewa.

"Ah," akasema. "Umepiga vizuri sana, mwanangu. Vizuri sana."

Baba yangu hajawahi kunidanganya. Miaka ishirini na minne nimengoja sifa yake, na leo amenipa ya uongo ili nisilie. Nikatoka nikaja huku nyuma nikalia hata hivyo.

Ndwiga amenifuata. Amesema ndivyo ilivyo. "Sauti za wanawake na watoto ndizo zilipotea kwanza. Mimi ananisikia nikiongea kwa kifua. Punda anamsikia. Ngoma ya kanisa anaisikia. Filimbi nilidhani ataisikia, kwa sababu ameipenda sana." Halafu akasema baba hapendi ijulikane. Akiulizwa kitu asichosikia hujibu chochote. Watu wakicheka, hucheka. Akiitwa asigeuke, husema alisikia ila hakutaka.

Nilikuwa nafuta machozi kwa kanga. Nikaacha kufuta.

Husema alisikia. Hujibu chochote. Jumamosi! Na Mutegi anayenguruma kama Ndwiga, huyo ndiye anayejibiwa.

Kibirichia, Jumatatu, 28 Desemba

Nimefika jana jioni. Leo Mutegi ameondoka na mapema, nikangoja mama ashike palizi ya kabichi. Nikasimama nyuma yake, hatua kumi. Nikatoa filimbi nyeupe nikaipuliza kwa nguvu zangu zote. Mbwa wa jirani akaanza kulia. Kuku wakaruka. Mama akang'oa gugu, akalikung'uta udongo, akalitupa pembeni, akang'oa jingine.

Nikazunguka mpaka mbele yake. Nikakaa chini kwenye udongo. Nikaongea kwa sauti ya chini kabisa niliyo nayo, kama mwanamume: "Mama. Hunisikii."

Akasimama na jembe. "Nakusikia."

"Sasa ndiyo unanisikia. Hapo nyuma nilikuwa napuliza filimbi."

 Akakaa chini pia, akanyoosha miguu, na nikaona amechoka, na kwamba ni mzee kuliko nilivyokuwa namhesabu.

"Umejuaje?"

"Baba yangu yuko hivyo hivyo."

Akaniambia, na mimi naandika alivyosema. "Ilianza mwaka aliokufa baba yake Mutegi. Kwanza ndege. Nikafikiri ndege wamehama kwa sababu ya baridi. Halafu watoto wa kanisani wanaimba, naona midomo tu. Mutegi namsikia, ana sauti ya baba yake. Ndipo ukaja wewe. Una sauti nyembamba, mwanangu, haki ya Mungu, kama uzi. Nikawa nakuona unapita asubuhi bila kunisalimu. Nikasema labda watu wa Kiritiri hawasalimiani asubuhi."

"Nilikuwa nakusalimu! Kila siku!"

"Sikujua," akasema.

Nikamuuliza habari ya filimbi ya kijani, ingawa nilikuwa nimeshaanza kujua, na nilikuwa naogopa kujua.

"Ulipokuja niliisikia kidogo. Mwaka huu naona unapuliza, mashavu yanajaa, vidole vinacheza, na hakuna kitu. Nikasema, masikini, kitu cha mtoto wa watu kimeziba na anaona haya kuniambia. Nikakifanyia kama vibuyu vyangu vinavyoziba." Akafuta pua kwa kiganja. "Halafu ukanipigia kelele, na hizo kelele nilizisikia zote."

Nilimwekea kichwa mapajani. Nimemsema vibaya kurasa ngapi humu? Nitaziacha zibaki, ili nizione.

Ameniapisha nisimwambie Mutegi. "Akijua atanitoa shambani aniketishe jikoni kama sufuria." Nimeapa. Nikamweleza ya Kiritiri pia, mpaka ile "piga basi." Alisikiliza akinitazama mdomo. Mwisho akauliza kitu kimoja tu: "Hamna filimbi ya sauti nene?"

Jumatano, 30 Desemba

Filimbi nene hakuna mjini. Mutegi alipotafuta ile nyeupe alizunguka madukani kote, aliniambia mwenyewe. Kuna hizi nyembamba au hakuna.

Jioni mama akaingia chumbani kwake akatoka na pampu ya baiskeli. Ni ya marehemu baba mkwe. Alikuwa mpeleka barua, alipanda baiskeli miaka kumi na tisa kwenye matope haya. Baiskeli iliuzwa, pampu ikabaki, imetundikwa juu ya kitanda cha mama na hakuna anayeigusa. Mutegi mwenyewe aliwahi kuiomba ya kujazia mpira akanyimwa.

"Pima," akasema. "Si ni bomba? Si ina tundu katikati?"

"Mama, hii hapana."

"Hewa ni yake, itatoka tu," akasema, na akanitilia mkononi.

Jumamosi, 2 Januari 1988

Nimekwenda sokoni kwa Nyamu, fundi wa bati, yule anayetengeneza koroboi na mikebe ya kumwagilia maji. Mama akaja pia, amevaa sweta ya zambarau, akasimama juu ya kichwa cha fundi kama askari. Nyamu aligeuza pampu, akaipuliza, akacheka. "Nimetengeneza vitu vingi, lakini hiki!" Nikampa filimbi ya kijani apimie. Alipima kwa uzi: mdomo mpaka tundu la kwanza, tundu mpaka tundu, halafu akakunjua uzi uwe mrefu kwa kiasi kile kile pampu ilivyo ndefu. Ametoboa matundu madogo kwanza, maana dogo linapanuliwa na kubwa likishaharibika limeharibika, na pampu ni moja tu duniani. Kibao cha mdomoni amechonga kwa mti wa mzeituni. Mama ndiye aliyeuleta, ule ule wa vibuyu.

Mara ya kwanza nilipopuliza haikulia. Mara ya pili haikulia.  Nikamwona mama anatazama lile bomba lililotobolewa, na kwamba halirudi kuwa pampu tena. Nyamu akakwangua kibao kidogo, akapuliza vumbi, akanirudishia.

Ikalia. Nene, kama njiwa mkubwa. Mama akashtuka, akaweka mkono kifuani.

Na ile ya kijani Nyamu ameikwangua makaa na kuitilia kibao kipya. Hakuchukua chochote kwa hiyo. Sasa nina filimbi tatu.

Jumanne, 5 Januari

Leo tumechagua. Mama alitoa shauri mwenyewe: akaenda mpaka katikati ya shamba, akanipa mgongo, na tukakubaliana akisikia ainue jembe.

Nyeupe. Wimbo mzima. Jembe halikuinuka. Naipenda bado, sitaki kudanganya. Ndiyo tamu kuliko zote masikioni mwangu.

Kijani. Jembe likainuka kidogo pale wimbo unaposhuka chini, likarudi.

Pampu. Sijamaliza kuvuta pumzi ya pili, jembe likapanda juu kabisa, na mkono mwingine nao ukapanda. Akabaki amesimama hivyo mpaka wimbo ukaisha, katikati ya viazi, mikono juu, watu wapitao njiani wanashangaa.

Basi, ni hiyo. Ni nzito, ni mbaya kutazama, bado imeandikwa jina la kiwanda ubavuni, na kidole changu kidogo hakifiki tundu la mwisho.

Jumatatu, 11 Januari

Kidole hakifiki.

Ijumaa, 15 Januari

Tumeanza kuvuna. Vidole vimepasuka kwa baridi ya alfajiri, majani yanang'aa barafu. Kati ya safu na safu napiga. Mama anaketi kwenye gunia ananitazama vidole. Akisema "hapo imepotea," najua tundu halijafunikwa vizuri. Kidole kinafika nikigeuza mkono kidogo.

Jumamosi, 23 Januari

Wanunuzi walitaka gunia la kilemba, lililojazwa kupita kipimo kwa bei ile ile mpaka linafanana na mtu aliyevaa kilemba. Mama alikataa. Mmoja akanong'ona kwa sauti nyembamba kwamba bibi ni mbishi. Nikamjibia kwa niaba yake, na nilimjibu vizuri. Ndwiga ameandika: baba hashuki tena barabarani, hasikii magari. Njoo hima.

Alhamisi, 28 Januari

Gunia la mwisho limefungwa. Usiku wa leo silali nadhani. Nikipiga akasema "piga basi" sitapiga tena maisha yangu yote. Nimemwambia mama hivyo. Akasema, "Utapiga. Mimi nitasikiliza nani?"

Kiritiri, Jumamosi, 30 Januari

Kigoda kile kile, boma lile lile. Safari hii sikutaka watu. Ndwiga peke yake, amesimama kando, amekunja mikono. Baba alikuwa anasuka kamba. Hakuniona nilipotoka nyumbani, alikuwa amenipa mgongo. Nikaamua kusimama huko huko nyuma. Nilitaka kujua kwa hakika. Asinionee vidole, asije akanihurumia.

 Pumzi ya kwanza ilitoka mbovu. Ya pili ikatulia, nikapanda na wimbo, bomba zito linatikisika mpaka kwenye meno yangu.

Kamba ikaacha kusogea.

Mbuzi waliinuka wote. Baba hakuinuka. Aliinamisha kichwa upande mmoja, upande wa kulia, na akabaki hivyo. Nilipofika pale wimbo unaposhuka machozi yalikuwa yameshaanza, nikaogopa pumzi itakatika, nikamaliza mbio mbio.

Baba akageuka. Uso wake umelowa.

"Unaharakisha," akasema. "Nelius! Nimekuambia mara ngapi? Hapo mwisho unaharakisha! Mbuzi wana mabawa?"

Ndwiga akakaa chini.

"Rudia," baba akasema. "Toka mwanzo."

Nikarudia. Akanirudisha mara saba. Mara saba! Mpaka jua likashuka na midomo ikavimba, na hata mara ya saba hakunisifu. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama hii.

Alipoishika filimbi mkononi akaigeuza, akasoma maandishi ya ubavuni, akauliza ilikuwa nini. Nikamwambia kwa sauti nzito, ni pampu ya mpeleka barua, mume wa mama yangu wa Kibirichia, ametoa mwenyewe.  Akamwambia Ndwiga achague mbuzi jike mzuri, nimpelekee.

Kibirichia, Jumanne, 2 Februari

Tumefika jana, mimi na mbuzi. Asubuhi ya leo nilimkuta mama ameinama kwenye shamba tupu, anaokota viazi vidogo vilivyobaki, amenipa mgongo. Nikatoa pampu nikamsalimu kwa pumzi moja, ndefu.

Aliinua mkono bila kugeuka. Akasema nimechelewa, na chai iko wapi.